Mtoto wa miaka 12, tromboni moja na okestra nzima nyuma yake: uzi wa mashindano ya vijana wapiga ala

Tromboni wa Mwika

Wakuu salaam. Huu uzi nimeuahidi muda mrefu, leo umeme upo na bando lipo, nashusha.

Kwanza niondoe utata. Nikisema okestra hapa simaanishi Maquis wala Mlimani Park, ingawa Sikinde nawapenda na jina la okestra wanalistahili. Nazungumzia lile kundi la watu sabini au themanini waliovaa nyeusi, fidla mafungu kwa mafungu mbele, ala za shaba nyuma, na mtu mmoja amesimama katikati anapunga kijiti. Huyo anaitwa kondakta, na hadai nauli.

Mimi ni mpiga tromboni wa matarumbeta kanisani. Kwetu Kilimanjaro hii kazi tuliachiwa na wamisionari wa Leipzig, babu alipiga, baba akapiga, na mimi nikapewa tromboni nikiwa darasa la sita kwa sababu moja tu: mikono mirefu. Wenye vipaji walipewa tarumbeta. Kwenye bendi yetu tromboni ni kama beki namba tano. Ukicheza vizuri hakuna anayekuona, ukikosea kanisa zima linageuka. Krismasi moja nilisahau kufunga lile bomba la kuvuta, nikainama kuokota karatasi ya nota, bomba likachomoka likateleza mpaka miguuni kwa mchungaji. Akaliokota, akanirudishia, akaendelea na baraka. Mpaka leo wazee wa usharika wananiita Baraka, na mimi siitwi Baraka.

Basi miaka kadhaa iliyopita nipo kwenye simu natafuta mazoezi ya midomo, nikaangukia video. Mtoto wa miaka 12 amesimama peke yake mbele ya okestra kamili. Kashika tromboni. Anaitwa Peter Moore, mwaka ni 2008, mashindano yanaitwa BBC Young Musician, ya Uingereza. Akashinda. Mpaka sasa hajatokea mshindi mdogo kuliko yeye.

Asiyeijua tromboni anaweza asione ajabu iko wapi. Tromboni haina vitufe wala funguo. Noti unazitafuta kwa mkono, kwa kuvuta bomba kwenye vituo saba, na vituo hivyo havina alama yoyote, ni sikio lako tu. Kituo cha saba kiko mbali kiasi kwamba mtoto wa darasa la sita mkono unaisha kabla bomba halijafika. Nilikaa na ile video mpaka saa nane usiku.

Kesho yake nikasaka historia. Mashindano yalianza 1978. Mshindi wa kwanza kabisa? Michael Hext. Ala yake? Tromboni. Nilicheka peke yangu kwenye daladala. (Na 1978 ndio mwaka Mlimani Park ilizaliwa Dar. Haina uhusiano wowote, nimependa tu.)

Naendelea chini.

Kiti cha Dirishani

Nipo siti ya mbele, mkuu. Weka nondo.

Bibi Harusi Mstaafu

Baraka wa bomba 😂 nimecheka mpaka mume wangu ameniuliza nachati na nani. Endelea baba.

Tromboni wa Mwika

Utaratibu kwa kifupi. Wanaoshindana ni vijana wasiozidi miaka 18, na mashindano ni kila baada ya miaka miwili. Wanagawanywa kwa familia za ala: kinanda, nyuzi, za kupuliza za mbao, za shaba, na za kugonga. Kila familia inatoa mshindi wake, halafu wanaanza kukutanishwa. Hapo ndipo utamu na ugomvi vinapoanzia, maana unamlinganishaje mpiga marimba na mpiga fidla? Wanaofika fainali kila mmoja anapiga koncheto, yaani kazi iliyotungwa kwa ajili ya mtu mmoja na okestra. Mtu mmoja huyo ndiye wanamwita solisti.

Nieleze kidogo kwa nini hatua hiyo ya okestra ni jambo jingine kabisa, maana wengi wanadhani ni ile ile nyimbo ila imeongezwa watu.

Nyumbani mtoto hujifunza koncheto na mpiga piano, ambaye ameandikiwa sehemu zote za okestra kwenye vidole kumi. Mpiga piano mmoja anakuvumilia. Ukikimbia anakimbia, ukiruka mstari anaruka na wewe, mkimaliza mnacheka. Piano ni bodaboda. Okestra ni treni. Ukitaka ipunguze mwendo lazima useme mapema, na huwezi kusema kwa mdomo kwa sababu mdomo una kazi, au mikono ina kazi. Unasema kwa pumzi, kwa bega, kwa namna unavyonyanyua upinde. Kondakta anasoma hiyo ishara, anawapasia wale sabini.

Halafu kuna suala la sauti kufika. Mpiga honi, ile pembe ya shaba iliyojiviringisha kama konokono, amekaa mbali nyuma na mdomo wa ala yake unaelekea nyuma zaidi. Ukingoja umsikie ndio uingie, umeshachelewa. Kwa hiyo kijana anatakiwa ajue pale pa kuamini masikio yake na pale pa kutoyaamini. Mpiga chelo ndiye namwonea huruma kuliko wote: amekaa anatazama watazamaji, na watu karibu wote anaotakiwa kwenda nao amewapa mgongo.

(Chelo ni lile fidla kubwa linalopigwa limekaa katikati ya magoti. Naandika chelo kwa makusudi, maana nikiandika selo nusu yenu mtakumbuka kituo cha polisi.)

Na yote hayo kwa kichwa. Solisti kwa kawaida hana karatasi mbele yake. Wale sabini wote wana karatasi, yeye hana.

Mwalimu wa Violini, Nairobi

Boss umeongea ukweli. Mimi hufunza violini hapa Nairobi. Kwa Kenya Music Festival watoto wetu hupiga solo, lakini ni piano inawasindikiza, tena wengine hupiga bila kitu. Mtoto anaweza maliza gredi zote nane za mtihani kutoka Uingereza na hajawahi simama mbele ya okestra hata siku moja. Siku ya kwanza anasimama, huwa anashtuka na kelele. Sio makofi, kelele ya okestra yenyewe. Kusimama pale mbele ni kama kusimama karibu na reli. Mmoja wangu aliacha kupiga katikati akageuka kuangalia nyuma ni nini imefanyika.

Tromboni wa Mwika

@Mwalimu asante, hilo la kugeuka nimelipenda sana. Na sisi wa shaba ndio tunaowashtua.

Sasa nifike pale nilipokuwa napataka. Fainali ya 2016, ukumbi wa Barbican, London. Okestra ni ya BBC yenyewe, kondakta Mark Wigglesworth. Waliofika ni watatu. Ben Goldscheider na honi. Jess Gillam na saksafoni. Na Sheku Kanneh-Mason, miaka 17, wa Nottingham, na chelo.

Sheku ni mtoto wa tatu kati ya saba. Mama katokea Sierra Leone, baba ana asili ya Antigua. Wote saba wanapiga: piano, fidla, chelo. Alisoma shule ya serikali ya kawaida, si zile za bweni za matajiri, na Jumamosi alikuwa akipanda treni kwenda London kusoma muziki kwenye tawi la watoto la Royal Academy. Alianza chelo akiwa na miaka sita. Alipofika tisa alikuwa amemaliza gredi ya 8, tena kwa alama za juu kuliko mtu yeyote Uingereza mwaka huo. Dada yake mkubwa Isata alikuwa ameshapita kwenye mashindano hayo hayo miaka miwili kabla, kwa piano.

Kazi aliyochagua ni koncheto ya kwanza ya chelo ya Shostakovich, mtunzi Mrusi, ya 1959. Aliitunga kwa ajili ya mpiga chelo Rostropovich, na huyo inasemekana aliimeza kichwani kwa siku nne. Inaanza chelo yenyewe, noti nne tu, kavu, kama mtu anabisha hodi na hana nia ya kusubiri karibu. Noti hizo nne zinarudi na kurudi mpaka zinakukera. Kwenye ala za shaba ameweka honi moja peke yake. Tromboni hakuna hata moja. Nimemsamehe.

Sehemu ya tatu ndiyo ya kushangaza. Okestra inanyamaza. Yote. Dakika tano, karibu sita, anapiga chelo peke yake. Hiyo wanaita kadenza. Inaanza polepole, noti moja moja na ukimya katikati, vidole vya kushoto vikidonoa nyuzi, halafu inajikusanya, inajikusanya, mpaka upinde unakata nyuzi kama msumeno. Nimeitazama ile video sijui mara ngapi, na siku moja nikaamua nisimtazame Sheku, niwatazame walio nyuma yake. Watu wazima, wameajiriwa kwa kazi hiyo, wamelaza fidla mapajani. Kuna anayemtazama, kuna anayetazama sakafu. Kijana wa miaka 17 anawakalisha watu kimya dakika zote hizo, halafu mwishoni yeye ndiye anayewaingiza tena, kwa mkimbio mmoja wa noti, na wote wanaruka naye juu ya treni inayoondoka.

Ngoma kubwa zinapigwa mara saba, basi, imeisha.

Alishinda. Tangu 1978 hakukuwa na mshindi mweusi kabla yake.

Mzee wa Kahawa Chungu

Naomba niwe wa kwanza kuharibu sherehe. Haya yote yatatusaidia nini? Mzungu kamtungia Mzungu, Mrusi wa kikomunisti, halafu sisi huku tunapiga makofi kwa sababu kijana mwenye ngozi yetu kapiga vizuri ngoma ya wenyewe. Tuna malimba, tuna zeze, tuna kayamba. Nani anaandaa mashindano ya malimba mbele ya okestra?

Kiti cha Dirishani

Ngoja waje 🍿

Fidla la Malindi Unguja

Assalaam aleikum. Mzee wa Kahawa, taratibu. Fidla huku kwetu si la mgeni, limeshakuwa mwenyeji. Ikhwani Safaa, klabu yetu ya taarab, ilianzishwa 1905 na mpaka leo ukienda utalikuta fidla, kanuni, udi, akodiani. Okestra ya taarab na solisti wake tunayo kabla babu zetu hawajafa. Na hicho mnachokiita kadenza sisi tunakiita taksim. Mpiga kanuni au fidla anaanza peke yake, wenzake wamekaa kimya, anaizunguka ile makamu, yaani ngazi ya sauti, anapanda, anashuka, watu wanasema Allah! Tafauti ni kuwa taksim haijaandikwa. Unaitunga hapo hapo, na ukiirejea ile ya jana wajuzi watakutambua na watakusema.

Mimi nimesoma kwenye chuo cha muziki kilichokuwa Forodha ya zamani pale Mizingani, kile cha Nchi za Jahazi kilichoanza 2002. Mwalimu wetu mmoja alikuwa anatwambia: taksim ndio kitambulisho chako. Huyu kijana wa chelo anapiga kitambulisho cha mtu mwengine. Kakipiga vizuri, sikatai.

Tromboni wa Mwika

@Fidla, hoja yako nzito na umenipa kitu cha kuongeza. Kadenza nayo ilikuwa hivyo hivyo zamani. Enzi za Mozart pale palikuwa wazi, okestra inasimama na mpiga anabuni. Mozart mwenyewe alikuwa anabuni. Beethoven ndiye aliyefunga mlango: kwenye koncheto yake ya tano ya piano, ya 1809, ameandika wazi kabisa kwamba hapa usibuni, piga nilichokuandikia. Baada yake watunzi wengi wakafuata. Kwa hiyo kumpima kijana leo si kumpima anabuni nini, ni kumpima anaweza kukifanya kitu kilichoandikwa kisikike kama ndiyo kwanza kinamjia. Ni ujuzi wa aina nyingine, kama msomaji mzuri wa utenzi. Utenzi si wake, lakini wasomaji wawili hawafanani.

@Mzee wa Kahawa, swali lako halijibiki kirahisi na sitajifanya. Malimba mbele ya okestra ningelipa kiingilio. Ila hilo la "ngoma ya wenyewe" mimi linanipita pembeni, kwa sababu tromboni yangu nayo ililetwa, na leo huko Mwika ukizika mtu bila matarumbeta watu wanauliza marehemu alikuwa na kosa gani. Halafu Sheku mwenyewe kwenye albamu yake ya kwanza, 2018, aliweka No Woman, No Cry kwa chelo. Hakuomba ruhusa kwa mtu.

Mzee wa Kahawa Chungu

Hilo la kuzika umenishika. Endelea.

Mama Wawili

Swali la mzazi. Wale wengine wawili waliokosa je? Maana mimi mwanangu akishika namba mbili darasani nyumba nzima hatulali. Mtoto wa miaka 17 kashindwa kwenye televisheni ya taifa, si anaiuza hiyo ala?

Tromboni wa Mwika

Mama Wawili, hapo kuna jambo zuri. Jess Gillam, yule wa saksafoni, alianza kupuliza akiwa na miaka saba kwenye kituo cha karnivali cha jamii huko Barrow, kaskazini mwa Uingereza, pamoja na ngoma za samba. Si kwenye chuo cha vioo. 2016 hakushinda. 2018 akapiga usiku wa mwisho wa tamasha la Proms pale Royal Albert Hall, yaani usiku ule Waingereza wanapeperusha bendera na nchi nzima inatazama. Akarekodi, na akapewa kipindi redioni. Yule wa honi naye anazunguka nchi kwa nchi akipiga peke yake mbele ya okestra.

Na kinyume chake kipo. Wapo walioshinda na leo ukitaja majina yao hakuna anayeyajua isipokuwa sisi tunaokesha kwenye intaneti. Ushindi unakupa mwaka mmoja wa simu kuita. Baada ya hapo ni wewe na mazoezi yako.

Peter Moore wa tromboni hakuchukua njia ya kusimama mbele peke yake kila siku. Alipofika miaka 18 akaajiriwa okestra ya London Symphony kama mmoja wa viongozi wa tromboni. Akarudi kukaa nyuma, na sisi wenzake. Hapo ndipo nilimpenda zaidi.

Mzaliwa wa Bukavu

Ndugu zangu, miye niko Brussels, natokea Bukavu. Huku kuna mashindano ya Malkia Elisabeth, na mwezi wa tano unayasikia redioni hata kama hutaki. Yalianza 1937 kwa jina la Ysaÿe, fidla, na David Oistrakh wa Umoja wa Kisovieti ndiye alishinda. Mwaka mmoja piano, mwingine chelo, mwingine fidla, mwingine sauti.

Wale ni wakubwa kidogo, si watoto wa shule, lakini sikieni namna ya fainali ya wapiga ala. Wanabaki 12. Wanapelekwa kwenye nyumba moja Waterloo, nje ya jiji. Simu wanaacha. Intaneti hakuna. Mwalimu haingii. Wanapewa nota za koncheto mpya ambayo haijawahi kupigwa na mtu yeyote duniani, na wana juma moja. Baada ya juma moja wanaipiga na okestra, pamoja na koncheto nyingine waliyochagua wenyewe. Huwezi kusikiliza YouTube mwenzako aliipiga namna gani, kwa sababu hayuko aliyeipiga.

Na Kinshasa tuna okestra ya Wakimbangu, toka 1994, aliianzisha Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu mwanzilishi wa kanisa lao, alikuwa rubani. Mwanzoni ala zilikuwa chache, watu walipokezana. Waya ukikatika kwenye fidla walifunga waya wa breki ya baiskeli. Ninapoona mtu huku analia sababu upinde wake umebakiwa na manyoya machache, nakumbuka hiyo baiskeli.

Mwalimu wa Violini, Nairobi

Waya wa breki! Hapa Korogocho kuna Ghetto Classics, iliyoanzishwa na Elizabeth Njoroge, karibu kabisa na lile jaa la Dandora. Watoto hufanya mazoezi na moshi wa taka unaingia dirishani. Na wanapiga vizuri, si ile ya kuhurumiwa. Shida si vidole. Shida ni masaa na chombo. Mtoto anaazima violini Jumamosi saa nne, anairudisha saa saba. Yule wa Ulaya analala nayo chumbani. Fanya hesabu ya masaa kwa miaka kumi.

Tromboni wa Mwika

Mwalimu umegusa donda. Sheku siku hizi anapigia chelo ya Matteo Goffriller, iliyotengenezwa Venice mwaka 1700. Si yake, ameazimwa. Wakubwa wengi wanaazimwa, hizo ala ni za bei ya majumba. Kwa hiyo kuazima si aibu. Ila yeye hairudishi saa saba.

Nilisoma pia kwamba baada ya jina kukua aliipa shule yake ya zamani pauni 3,000 ili watoto wa pale waendelee kufundishwa chelo, maana masomo hayo yalikuwa yanakatwa. Uingereza hiyo, si kwetu.

Jaji Mstaafu wa Kwaya

Nimekuwa mwamuzi wa kwaya ngazi ya dayosisi, nauliza bila kuuma maneno. Upendeleo? Maana mimi nimeona mwamuzi anampa 92 mpwa wake aliyeimba kama mlango usiotiwa mafuta.

Tromboni wa Mwika

Mzee shikamoo. Upo, na kisa kikubwa kabisa ni cha Warsaw, Poland, 1980, mashindano ya Chopin. Hayo ni ya piano tu, kila baada ya miaka mitano, na fainali lazima upige koncheto ya Chopin na okestra. Kulikuwa na kijana wa Yugoslavia, Ivo Pogorelich, anapiga kwa namna yake mwenyewe, wengine wanamchukia, wengine wanamwabudu. Waamuzi wakamtoa raundi ya tatu, hata okestra hakuifikia. Martha Argerich, mwamuzi, naye mshindi wa 1965, akasema huyu ni kipaji cha pekee, akajiuzulu, akaondoka. Pogorelich akawa maarufu kwa kutolewa kuliko ambavyo angekuwa kwa kushinda.

Lakini kwa kelele hizo dunia ilimsahau aliyeshinda, na kisa chake ndicho kinachonifaa mimi. Dang Thai Son wa Vietnam, wa kwanza kutoka Asia kushinda pale. Alikua Hanoi ikipigwa mabomu na Wamarekani. Shule yao ya muziki ilihamishiwa vijijini, piano ikafuata ikikokotwa na nyati. Kwa simulizi yake mwenyewe, alipoomba kushiriki hakuwa na la kujaza kwenye fomu, hakuwa na tuzo wala tamasha, na hakuwahi kupiga na okestra. Mara yake ya kwanza na okestra maishani ilikuwa fainali ya Warsaw. Na 2021 aliyeshinda pale pale ni Bruce Liu wa Kanada, mwanafunzi wake.

Mwalimu wa Nairobi, umwambie yule mtoto aliyegeuka nyuma.

Mwalimu wa Violini, Nairobi

Nitamwambia. Sasa ako chuo anasomea uuguzi lakini bado anapiga.

Kiti cha Dirishani

Na Marekani je, au hawana?

Tromboni wa Mwika

Wanayo mengi. Kubwa la piano ni la Van Cliburn, Fort Worth, Texas, tangu 1962. Cliburn mwenyewe alikuwa kijana wa miaka 23 aliyekwenda Moscow 1958, vita baridi imepamba moto, akashinda mashindano ya Tchaikovsky nyumbani kwa Warusi. Inasimuliwa waamuzi waliogopa mpaka Khrushchev, kiongozi wa Kisovieti, akaulizwa, naye akauliza, ndiye bora? Basi mpeni. Aliporudi New York alimwagiwa vipande vya karatasi barabarani kama mwanaanga.

2022 pale akashinda Yunchan Lim wa Korea Kusini, miaka 18, mdogo kuliko mshindi yeyote wa pale. Tafuteni koncheto ya tatu ya Rachmaninoff aliyopiga fainali. Kondakta ni mama mmoja, Marin Alsop. Mkifika mwisho mtazameni huyo mama anavyofuta machozi.

Na kuna Sphinx, Detroit, tangu 1998, kwa ajili ya vijana weusi na wa asili ya Amerika ya Kusini wanaopiga ala za nyuzi. Aliianzisha Aaron Dworkin, mpiga fidla, ambaye alichoka kugeuza shingo ukumbini asione wanaofanana naye, jukwaani wala kwenye viti. Wapo wanaosema hiyo ni kujitenga. Mimi nasema nendeni mkawasikilize kwanza.

Fidla la Malindi Unguja

Nimerudi. Usiku nimeisikiliza ile kadenza ya Mrusi, mara mbili, na spika ya mjomba. Nakiri. Pale mwanzo, anapoacha kimya katikati ya noti, pana harufu ya taksim. Lakini hana robo sauti, zile za katikati ya noti na noti, masikini.

Mzee wa Kahawa Chungu

Na mimi nimeitazama. Sijaelewa kitu. Ila sikuizima.

Bibi Harusi Mstaafu

Baraka, sisi tunataka kukusikia wewe. Weka video.

Tromboni wa Mwika

😂 Dada, sina video ya maana.

Ila niwape hii. Alhamisi baada ya mazoezi niliwawekea vijana wa bendi ile sehemu ya tatu, simu nimeiegemeza kwenye ngoma kubwa. Tunaye mmoja wa miaka kumi na moja, ameanza tromboni mwaka huu, kituo cha sita hajafika. Akatazama mpaka mwisho bila kupepesa. Nikajua sasa anauliza kuhusu Sheku. Akaniuliza, "Baba, hawa wengine wamekaa tu. Wanalipwa?"

Nikamwambia wanalipwa. Akafikiri. Akasema basi yeye anataka kuwa wa nyuma, apate kutazama vizuri.

Jumamosi tuna harusi ya Himo, tutakuwa juu ya kirikuu kuanzia saa saba. Mkitupita pigeni honi. Mwenye mkono mrefu ndio mimi, na bomba nimelifunga.